Sensa ya oksijeni: pima waya kabla hujanunua sensa

Taa ya cheki injini inawaka. Unapeleka gari kwa fundi mwenye mashine, anaichomeka chini ya usukani, skrini inaandika P0135, na hukumu inatoka hapo hapo: "Sensa ya oksijeni imekufa, bosi, katafute nyingine." Unakwenda kwenye maduka ya vipuri, Gerezani kama uko Dar es Salaam au Kirinyaga Road kama uko Nairobi, unatoa hela, sensa inafungwa, msimbo unafutwa, taa inazima. Siku chache baadaye inawaka tena, na msimbo ni ule ule.

Mashine haikukosea. Ilichosema ni kwamba kuna hitilafu kwenye mzunguko wa hita ya sensa ya oksijeni namba moja. Mzunguko huo unaanzia kwenye betri, unapita kwenye fyuzi na rilei, unashuka na waya hadi kwenye soketi, unaingia kwenye hita iliyo ndani ya sensa, unatoka na waya mwingine hadi kwenye kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, na hapo ndipo unapopata athi, njia ya kurudi kwenye hasi ya betri. Kontroli boksi inaona tu kwamba umeme haupiti inavyotakiwa. Haina namna ya kujua umekwama wapi. Kazi ya kutafuta pale ulipokwama ni ya binadamu mwenye mita, na kwa bahati nzuri ni kazi isiyozidi nusu saa kama sehemu zinafikika.

Nitatumia Toyota ndogo za Japani kama mfano, zile IST, Vitz, Spacio na Premio zilizojaa barabarani kwetu, kwa sababu ndizo zinazoingia gereji kila siku na kosa hili. Kanuni zenyewe zinafanya kazi kwenye gari lolote la petroli lenye mfumo wa nozeli.

Kazi ya sensa yenyewe

Sensa ya kwanza ya aina hii kuuzwa ndani ya gari ilitengenezwa na Bosch na kufungwa kwenye magari ya Volvo yaliyokwenda Marekani mwaka 1976, wakati sheria za hewa chafu za California zilipokuwa zimewabana watengenezaji. Muundo wake haujabadilika sana. Ndani ya ncha ile yenye matundu kuna kikombe cha kauri ya zirkonia, kimepakwa platinamu nje na ndani. Upande wa nje unaguswa na moshi wa eksozi, upande wa ndani unaguswa na hewa ya kawaida. Kauri hiyo ikipata moto wa kutosha, tofauti ya oksijeni kati ya pande hizo mbili inazalisha umeme. Sensa hii, kwa hiyo, ni betri ndogo inayojitengenezea volti zake yenyewe.

Volti hizo ni chache. Moshi ukiwa hauna oksijeni karibu kabisa, maana yake mafuta ni mengi kuliko hewa, sensa inatoa takriban volti 0.9. Moshi ukiwa na oksijeni iliyobaki, yaani mafuta ni machache, inashuka hadi karibu volti 0.1. Katikati, kwenye volti 0.45, ndipo penye mchanganyiko unaotakiwa: kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya petroli. Kontroli boksi inaongeza mafuta kidogo, sensa inapanda. Inapunguza, sensa inashuka. Na mchezo huo unaendelea muda wote injini ikiwa ya moto. Ukiona kwenye skana sensa ya mbele inapanda na kushuka bila kutulia, usishtuke. Hiyo ndiyo afya yake.

Tatizo ni kwamba zirkonia haifanyi kazi ikiwa ya baridi. Inahitaji nyuzi 300 hivi na zaidi. Zamani sensa zilisubiri moshi uzipashe, na muda wote huo gari lilikuwa likichoma mafuta kwa kukadiria. Ndipo hita ikawekwa ndani. Sensa ya waya nne, ambayo ndiyo ya kawaida leo, ina waya mbili za hita na waya mbili za ishara. Hii ni mizunguko miwili inayoishi kwenye ganda moja, na mmoja unaweza kufa huku mwingine ukiwa mzima kabisa.

Kuusoma msimbo vizuri

Maelezo ya msimbo hutaja benki na namba ya sensa. Benki namba moja ni upande wenye silinda ya kwanza. Injini za silinda nne zilizo kwenye mstari mmoja huwa na benki moja tu, kwa hiyo mwenye IST asihangaike nayo. Sensa namba moja iko mbele ya masega, kile kisafisha moshi kilicho kwenye bomba la eksozi, karibu na injini. Sensa namba mbili iko nyuma ya masega, chini ya gari. Wapo watu wamenunua ya mbele wakati iliyolalamikiwa ni ya nyuma.

P0135 na P0141 zinazungumzia hita, ya mbele na ya nyuma. P0031 na P0032 pia ni hita ya mbele, ila zinakwenda mbali zaidi: ya kwanza inasema umeme wa upande wa udhibiti uko chini mno, ya pili uko juu mno. P0037 na P0038 ni hivyo hivyo kwa sensa ya nyuma. P0130 hadi P0134 ni ishara ya sensa ya mbele: P0131 volti ziko chini, P0132 ziko juu, P0133 inajibu polepole, P0134 haionekani kufanya chochote. P0136 hadi P0140 ni ishara ya sensa ya nyuma.

Halafu kuna misimbo inayoingizwa kwenye kapu hili wakati haimo. P0171 inasema mchanganyiko una mafuta machache, P0172 inasema una mafuta mengi. Hapo sensa ni shahidi anayetoa ushahidi, na mara nyingi anasema kweli. P0420 inasema masega hayafanyi kazi yake. Sensa ya nyuma ipo hasa kwa ajili ya kuyachunguza: masega yakiwa mazima, yanameza yale mapando na mashuko ya mbele, na sensa ya nyuma inatulia, mara nyingi karibu na volti 0.6 au 0.7. Masega yakichoka, au yakishakatwa na kuuzwa kwa sababu ya platinamu, paladiamu na rodiamu iliyomo, sensa ya nyuma inaanza kucheza sawa na ya mbele, na taa inawaka. Hakuna sensa mpya itakayoizima taa hiyo kihalali. Biashara ya kukata masega inaniudhi sana, maana mwenye gari mara nyingi hajui hata kama yamekatwa wakati gari likiwa gereji kwa kazi nyingine.

Jambo moja kuhusu skana. Vile vifaa vidogo vya bluetooth vinavyouzwa kwa bei ya chini vinazungumza lugha ya kimataifa ya OBD2. Toyota nyingi zilizotengenezwa kwa soko la Japani mwanzoni mwa miaka ya 2000 zina tundu lile lile la pini 16, lakini kontroli boksi haizungumzi lugha hiyo. Kifaa kikigoma kuunganika, usihitimishe kwamba kontroli boksi imeungua. Tafuta mashine inayojua Toyota za Japani.

Kupima hita, hatua kwa hatua

Anza na kuangalia misimbo yote kwa pamoja. P0135 na P0141 zikitokea siku moja, weka akili kwenye fyuzi na rilei, kwa sababu hita mbili zilizo sehemu mbili tofauti hazifi siku moja kwa kawaida, na mara nyingi zinapata umeme kutoka chanzo kimoja. Fyuzi usiikague kwa macho tu. Ipime kwa mita au balbu ya majaribio pande zote mbili ikiwa mahali pake, swichi ikiwa imewashwa. Fyuzi ikiwa imekatika, jiulize kwa nini kabla ya kuweka nyingine. Sababu ya kawaida ni waya wa sensa uliolala juu ya eksozi ukayeyuka, na hiyo hutokea sana baada ya injini au giaboksi kushushwa na vibanio vya waya kutorudishwa. Kuweka fyuzi ya ampia kubwa zaidi ni kuuhamishia moto kwenye waya.

Fyuzi ikiwa nzima, subiri injini ipoe kabisa. Chomoa soketi ya sensa. Upande wa sensa utaona waya nne, na mbili kati yake zina rangi moja. Hizo ndizo za hita. Kwenye sensa za Denso, ambazo ndizo nyingi kwenye Toyota, huwa nyeusi mbili, ishara ni ya bluu na athi ya ishara ni nyeupe. Kwenye Bosch na NTK, hita huwa nyeupe mbili, ishara nyeusi, athi ya kijivu. Usitumie rangi hizi upande wa gari, kwa sababu waya za gari zina rangi zake. Upande huo fuata nafasi ya pini.

Weka mita kwenye omu, gusanisha ncha zake kwanza uone zenyewe zinasoma ngapi, kisha pima kati ya pini mbili za hita. Sensa ya kawaida ya waya nne ya Toyota inatakiwa kusoma kati ya omu 11 na 16 ikiwa ya baridi. Ukipata 13, hita ni nzima, na hela yako bado iko mfukoni. Mita ikionyesha hakuna njia kabisa, hita imekatika na sensa ni ya kubadilisha. Ikionyesha karibu sifuri, imeshoti, na huenda ndiyo iliyokata fyuzi. Ukipima injini ikiwa bado ya moto utapata namba kubwa zaidi, na hapo ndipo sensa nzima zinapotupwa.

Ukipata omu 2 au 3, usikimbilie kusema imeshoti. Baadhi ya Toyota zina sensa ya aina nyingine mbele, inayopima uwiano wa hewa na mafuta kwa upana zaidi, na hita yake ni ya omu 1.8 hadi 3.4 kwenye nyuzi 20. Kwa macho zinafanana, lakini haziingiliani hata kidogo. Namba ya kipuri ndiyo inayozitofautisha: ya Toyota inayoanzia 89465 ni sensa ya kawaida ya oksijeni, inayoanzia 89467 ni ile ya uwiano.

Kabla hujaacha sensa, pima pia kati ya kila pini ya hita na pini za ishara, na kati ya hita na chuma cha sensa. Kote huko kusiwe na njia. Hita ikivujisha umeme kwenda kwenye ishara, kontroli boksi itaona volti ambazo zirkonia haiwezi kuzizalisha, juu ya volti moja, na utapata P0132 badala ya P0135. Maji ndani ya soketi yanafanya vivyo hivyo, hasa kwa sensa ya nyuma ambayo inaogeshwa na kila dimbwi tunalolipita msimu wa mvua.

Sasa nenda upande wa gari. Soketi ikiwa imechomolewa, washa swichi bila kuwasha injini. Pini moja ya hita inatakiwa kuwa na volti za betri. Hapa mita inaweza kukupotosha. Waya uliooza ukabaki na uzi mmoja mwembamba utaonyesha volti 12 kamili, kwa sababu mita haivuti umeme wa maana. Hita yenye omu 13 kwenye volti 13.8 inataka ampia moja hivi, na uzi ule mmoja hauwezi kuibeba. Kwa hiyo chukua balbu ya taa ya kona, ile ya wati 21, unganisha kati ya pini hiyo na bodi ya gari. Ikiwaka kwa nguvu zake zote, njia ya umeme ni nzima. Ikiwaka kwa unyonge wakati mita ilisema volti 12, umeshapata ugonjwa: rudi nyuma kwenye waya, soketi, rilei na boksi la fyuzi mpaka uone unyonge unaanzia wapi. Pini zenye kutu ya kijani na zile zilizopanuka zikawa hazibani ndizo za kushukiwa kwanza. Balbu hii inafichua kile ambacho mashine ya bei mbaya haiwezi kukionyesha.

Pini ya pili ya hita inakwenda kwenye kontroli boksi, na kontroli boksi ndiyo inayoipa athi inapotaka, kwa kuwasha na kuzima haraka haraka. Hapa usitumie balbu kubwa, utaumiza transista iliyo ndani. Tumia kitesta cha taa ya LED: upande mmoja kwenye chanya ya betri, mwingine kwenye pini hiyo, washa injini. LED ikiwaka au ikimetameta, kontroli boksi inatoa amri. Isipowaka kabisa, zima gari, chomoa hasi ya betri, chomoa soketi ya kontroli boksi, upime kama waya huo una njia kutoka mwanzo hadi mwisho, na kama haugusi bodi mahali popote. Waya ukiwa mzima na athi za injini zikiwa safi, hapo tu ndipo unapoweza kuanza kuishuku kontroli boksi. Ni nadra. Panya aliyetafuna waya ni wa kawaida kuliko kontroli boksi iliyokufa.

Ishara ikiwa ndiyo inayolalamikiwa

Hita nzima, msimbo ni P0131 au P0134. Hapa injini inatakiwa iwe ya moto na soketi iwe imechomekwa. Ingiza pini nyembamba kwa nyuma ya soketi ufikie waya wa ishara, usitoboe plastiki ya waya. Au soma data kwenye skana. Shikilia mizunguko 2,500 kwa dakika kama dakika mbili ili sensa ipate moto, kisha hesabu. Sensa nzima ya Toyota inatakiwa kupanda na kushuka angalau mara nane ndani ya sekunde kumi.

Kama imeng'ang'ania chini, iamshe. Puliza kidogo kisafisha kabureta kwenye njia ya hewa, mbali na eksozi yenye moto na ukiwa na kizimamoto karibu. Sensa nzima itaruka juu ya volti 0.8 mara moja. Kama imeng'ang'ania juu, chomoa mpira mmoja wa hewa kwenye manifoldi ya kuingizia. Inatakiwa ianguke chini ya 0.2. Sensa inayojibu majaribio haya mawili kwa haraka ni nzima, hata kama msimbo una jina lake. Inayojibu kwa kujivuta imechoka, na hiyo ndiyo P0133. Isiyojibu kabisa, irudie kwa kupima kati ya waya wa ishara na athi yake kwenye pini za sensa yenyewe: ikicheza hapo lakini skana haioni kitu, waya wa kwenda kontroli boksi umekatika.

Kwa ile sensa ya uwiano hesabu hizi hazifai. Kwenye Toyota, volti zake zinazunguka karibu na 3.3, na zinakwenda kinyume: zikipanda maana yake mafuta ni machache. Skana nyingi za kawaida zinaigawa namba hiyo kwa tano na kuonyesha 0.66, na mtu asiyejua anaona sensa iliyoganda kwenye mafuta mengi.

Sensa inayosema mafuta ni machache bila kuacha inastahili kuaminiwa mpaka uthibitishe vinginevyo. Mipira ya hewa iliyopasuka, gasketi ya manifoldi, pampu dhaifu ya mafuta, sensa chafu ya kupima hewa, vyote vinaleta hali hiyo kweli. Tofautisha kwa kuangalia kiasi ambacho kontroli boksi inaongeza mafuta, ile asilimia kwenye data ya skana. Ikiwa iko juu gari likiwa silensa, yaani injini inanguruma bila kukanyagwa mafuta, na inashuka ukikanyaga mafuta hadi 2,500, hewa inaingia kwa wizi mahali. Ikiwa inazidi kupanda kadiri unavyokanyaga, mafuta hayafiki ya kutosha, au hewa haipimwi sawasawa.

Mambo mawili yanawachanganya hata mafundi wazuri. La kwanza ni ufa kwenye manifoldi ya eksozi kabla ya sensa. Utadhani moshi unatoka tu, lakini kati ya pigo moja na jingine bomba linavuta hewa ya nje, sensa inaona oksijeni, na kontroli boksi inaongeza mafuta yasiyohitajika. La pili ni gari linalomisi. Silinda ambayo plagi yake haichomi inatoa petroli mbichi pamoja na oksijeni yake yote. Sensa haioni petroli, inaona oksijeni tu, na inaripoti kwamba mafuta ni machache. Kontroli boksi inaongeza tena. Gari linakula mafuta, masega yanapata joto la kuyayeyusha, na sensa ndiyo inayobeba lawama. Kama kuna msimbo wa P0300 hadi P0304, ile ya kumisi, pembeni, shughulika na plagi na koili kwanza.

Kinachoziua

Sensa huzeeka, lakini nyingi huuawa. Adui mkubwa wa zamani alikuwa risasi iliyokuwa ikitiwa kwenye petroli. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana nayo mwanzoni mwa 2006, na Algeria, ya mwisho duniani, ikaacha Julai 2021. Adui wa sasa yuko kwenye tyubu: silikoni ya kubandikia gasketi. Ile isiyoandikwa kwamba ni salama kwa sensa za oksijeni hutoa mvuke unaoingia kwenye injini na kuchomwa, na majivu yake meupe yanaziba ncha ya sensa. Fundi akifungua kava la juu ya injini na kupaka silikoni ya aina hiyo kwa ukarimu, sensa inaweza kuzimia wiki zinazofuata na hakuna atakayeunganisha matukio hayo mawili. Maji ya rejeta yanayovuja ndani kwa sababu ya gasketi ya silinda hedi nayo yanaacha ukungu mweupe. Masizi meusi makavu yanaonyesha mafuta mengi, ambayo ni dalili ya tatizo jingine. Kubadilisha sensa bila kuondoa kilichoiua ni kuiandaa mpya ife vile vile.

Ikibidi ibadilishwe

Nunua kwa namba iliyochapwa kwenye sensa uliyoitoa, si kwa jina la gari. IST mbili zinaweza kuwa na urefu tofauti wa waya na soketi tofauti. Kuhusu mtumba, nina msimamo: kwa sensa hii siushauri. Hujui imechoma silikoni au oili kiasi gani, na muuzaji naye hajui. Denso au NTK mpya yenye namba sahihi ni bora, na ukilazimika kuchukua ya mtumba, basi pima omu za hita hapo hapo dukani.

Nyingine zimefungwa kwa nati mbili, nyingine zinazungushwa zenyewe kwa spana ya 22. Ifungue eksozi ikiwa na uvuguvugu, baada ya kuipulizia mafuta ya kulegeza kutu, na kama uko chini ya gari weka stendi, usitegemee jeki. Sensa mpya huja na grisi maalumu kwenye nyuzi zake. Usiongeze nyingine, na usiruhusu chochote kiguse ncha. Ile ya kuzungushwa inakazwa kwa takriban niutoni mita 44. Wengi wanaikaza kwa hasira mpaka nyuzi za eksozi zinakufa.

Ukiwa na sensa ya jumla isiyo na soketi, utalazimika kuunganisha waya. Usichomelee kwa risasi. Hewa safi inayohitajika upande wa ndani wa zirkonia, kwenye sensa nyingi za sasa, inapenya kupitia nafasi kati ya nyuzi za waya wenyewe. Risasi ya kuchomelea inaziba nafasi hizo, na grisi ndani ya soketi inafanya hivyo hivyo. Tumia viungio vya kubana vilivyokuja na sensa, ufunike kwa mpira wa kuzuia maji, kisha urudishe waya kwenye vibanio vyake mbali na eksozi.

Baada ya hapo, kuzima kwa taa hakuthibitishi chochote. Toyota huwa inataka kuliona kosa kwenye safari mbili mfululizo kabla ya kuwasha taa kwa misimbo mingi ya aina hii, kwa hiyo gari lolote litafika nyumbani taa ikiwa imezima. Futa msimbo, liache gari lipoe usiku kucha, liwashe asubuhi, liache silensa dakika chache, endesha kwa mwendo wa kutulia wa kilomita 60 hadi 80 kwa saa, zima. Rudia siku ya pili. Kisha soma misimbo inayosubiri, ile ambayo kontroli boksi imeiandika lakini haijaiwashia taa. Pakiwa patupu, sensa ya mbele inacheza ndani ya dakika ya kwanza au ya pili baada ya kuwasha injini ya baridi, na asilimia ya mafuta yanayoongezwa imerudi ndani ya kumi juu au chini ya sifuri, mlipe fundi wako.